Nimepika miaka kumi na tisa ili mwanangu asipike, leo anataka kusomea lishe

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama lishe, kibanda changu kipo Buguruni, jirani na soko. Nina miaka hamsini na mmoja. Naamka saa tisa usiku, saa kumi na moja jiko limeshawaka, saa moja asubuhi wateja wa kwanza wanakunywa chai na chapati, na kuanzia saa sita mchana napakua wali, ugali, maharage, samaki na mchicha mpaka sufuria zikauke. Wateja wangu ni makuli, madereva wa bodaboda, wauza mitumba na vijana wa gereji. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, tangu baba wa watoto alipofariki, na imenisomeshea watoto watatu. Siionei aibu. Lakini Mungu anajua niliifanya ili wao wasije wakashika mwiko kama mimi.

Huyu wa mwisho ni wa kiume. Amemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, amepata daraja la pili. Ameomba vyuo na amechaguliwa sehemu mbili: ualimu wa sayansi kwenye chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam, na shahada ya Lishe ya Binadamu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mtaa mzima nilishauambia mwanangu anakuwa mwalimu. Jioni moja ananiambia, "Mama, nimechagua lishe." Nilidhani ananitania. Nikamuuliza, lishe gani, lishe hii hii? Akasema ndiyo, chakula na mwili wa binadamu. Nikakaa chini.

Kaka yangu, mjomba wake, ndiye aliyeahidi kunishika mkono kwenye ada kama mkopo hautatosha. Aliposikia akasema hatoi hela yake mtu akasomee upishi. Ukiwa ualimu atatoa, ikiwa famasi atatoa, hili hapana. Na kibandani maneno yameshafika, sijui nani kayatoa. Wateja wananiuliza, "Mama lishe, tumesikia unatuletea baba lishe mwenye digrii?" Wanacheka, nami nacheka nao, lakini usiku sipati usingizi.

Kuna jingine linaniuma zaidi, na hili sijamwambia mtu. Tangu aingie kidato cha tano huyu mtoto amekuwa mkosoaji. Nina presha, naijua, dawa zangu nachukua kituo cha afya. Akija kunisaidia siku za likizo anautazama mkono wangu kila nikitia chumvi. Mwezi uliopita alisema mbele ya wateja wawili kwamba sahani zangu ni mlima wa wali na kijiko cha mboga, na kwamba mafuta ninayomwaga yatawaua watu. Shangazi, chakula hicho ndicho kilichomlea. Sikumjibu. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia.

Nauliza mambo matatu. Hii lishe ni elimu ya kweli au ni upishi uliopewa jina? Ikiwa ni elimu, kuna kazi huko mbele, au atarudi kukaa nami kibandani na cheti ukutani? Na kaka yangu nimjibu nini? Muda wa kuthibitisha chuo unakwisha siku chache zijazo.

Jina kapuni, Buguruni.

Majibu ya Shangazi

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama pale ulipokwenda nyuma ya kibanda, na huko nitarudi. Kwanza nikujibu hili la upishi, kwa sababu ndilo lililomfunga kaka yako, na kwa sababu mimi mwenyewe nimelisikia tangu siku ya kwanza nilipoajiriwa kwenye lishe hadi nilipostaafu.

Nikupeleke wodi ya watoto. Analetwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, amekonda. Muuguzi anauzungusha ule utepe wa rangi kwenye mkono wake wa juu, unasoma chini ya milimita 115. Huo ni utapiamlo mkali. Wewe na mimi, kwa moyo wa mzazi, tungemshibisha usiku huohuo. Na tungeweza kumuua kwa huruma yetu. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umebana kila kitu ili uishi. Ukiujaza chakula ghafla, sukari ikiingia kwenye chembe hai inavuta pamoja nayo fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu, na moyo wa mtoto unaweza kusimama. Ndiyo maana anaanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye kilokalori 75 tu katika kila mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akitulia, hamu ya kula ikarudi, ndipo anahamishiwa F-100 au chakula dawa kile cha karanga cha kwenye pakiti. Mtu anayekaa na kalamu akipiga hesabu ya mililita hizo kwa uzito wa mtoto, huyo ndiye mwanao anayetaka kuwa. Mwambie kaka yako habari ya mtoto huyu kabla ya kumwambia jambo lingine lolote.

Chuoni hatapewa mwiko. Atakutana na kemia na biokemia, namna mwili unavyovunja wanga, mafuta na protini hatua kwa hatua. Atasoma fiziolojia, mikrobiolojia ya chakula, lishe ya mjamzito, ya mtoto, ya mzee, lishe ya mgonjwa wa figo na wa kisukari. Atasoma takwimu, na hapo ndipo vijana wengi hulia, maana waliikimbia hesabu wakidhani lishe haina hesabu. Atakwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, atafanya utafiti wake na kuuandika. Kwa mtoto wa CBG mwenye daraja la pili mzigo huo unabebeka, ila takwimu aziheshimu kuanzia wiki ya kwanza.

Na usiichanganye lishe ya binadamu na sayansi na teknolojia ya chakula, ingawa zote hufundishwa hapohapo Sokoine. Ya pili inakichunguza chakula chenyewe: kinavyosindikwa, kinavyohifadhiwa, kinavyooza. Ya kwanza inamchunguza anayekila. Nimewaona vijana wakigundua tofauti hiyo mwaka wa pili, wakati kubadili kozi kumeshakuwa kugumu. Muulize mwanao anapenda ipi, na akueleze kwa nini.

Sasa, mdogo wangu, nataka nikuoneshe kitu ulicho nacho bila kukijua. Maharage yako unayaloweka usiku, sivyo? Mama lishe yeyote mwenye akili anayaloweka, ili yaive upesi na mkaa usiishe. Ndani ya maharage kuna kitu kinaitwa fitati, kinayashika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Ukiloweka na kumwaga maji yale, sehemu ya fitati inakwenda na maji. Mchicha unauunga kwa nazi, kama watu wa Pwani tulivyolelewa. Rangi ya mboga ile ina malighafi ya vitamini A, na mwili hauwezi kuichukua vizuri bila mafuta, kwa hiyo tui lako linafanya kazi ya kweli. Kipande cha limau unachoweka pembeni ya sahani kina vitamini C, inayousaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Limau si jambo dogo. Mwanao atayasoma haya kwenye biokemia na atakuta mama yake alikuwa akiyafanya jikoni kabla yeye hajazaliwa.

Na hapa ndipo nirudi nyuma ya kibanda.

Nilipoanza kazi nilipelekwa Nyanda za Juu Kusini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka darasani, najua kila kitu. Kijijini nikawakusanya kina mama wenye watoto wadogo nikawaeleza kwamba mtoto wa miezi tisa anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, uji mzito, yai, karanga, mboga, matunda. Mahindi yalikuwa yamejaa maghalani, maparachichi yako juani yanaiva. Nilisema maneno ambayo leo nayaonea uchungu: niliwaambia watoto wenu wanadumaa na chakula mnacho. Wakanyamaza. Mwishoni mama mmoja, mkubwa kuliko mimi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, tunakwenda shamba alfajiri tunarudi jua linazama. Huo uji wa mara nne nani anampa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaaibisha watu kwa jambo ambalo sikulielewa.

Mkoa wa Iringa ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi hii, na utafiti huohuo wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Watu wa Dar es Salaam wakisikia hivyo hushangaa, hudhani wamama wa huko hawajui. Lakini ni Iringa hiyohiyo, kwenye mradi wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ambako wataalamu walijifunza kuuliza vizuri. Mtoto hadumai kwa kukosa chakula tu. Anadumaa kwa kukosa mtu wa kumlisha mchana, kwa kuhara kila mwezi kwa sababu ya maji, kwa mama aliyechoka akiwa mjamzito. Fikra hizo zikachangia mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990, na vyuo duniani bado vinaufundisha. Mwanao ataukuta darasani, na ningependa ajue kwamba sehemu ya mizizi yake iko Tanzania.

Kwa hiyo mwite, umpe gazeti hili, asome sehemu hii mwenyewe.

Mwanangu, mlima wa wali na kijiko cha mboga uliouona ni kweli, na chumvi unayoihesabu ni kweli pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Lakini umekosea mahali pa kusemea, na ukikosea hapo elimu yote haitakusaidia. Kuli anayebeba magunia tangu alfajiri anahitaji nishati, na wali ndiyo nishati ya bei anayoiweza. Mama yako anauza sahani kwa bei ambayo mteja anaimudu; akipunguza wali akaongeza samaki, mteja anahamia kibanda cha jirani. Je, uliwahi kukaa naye ukahesabu fungu la mchicha ni bei gani leo na linatoa sahani ngapi? Anzia hapo. Kisha ongeeni mambo yanayowezekana: chumvi ipungue kidogo kidogo wiki hadi wiki, ulimi wa mteja hauoni, kopo la chumvi litoke mezani, mafuta yapimwe kwa upawa badala ya kumwagwa kutoka kwenye dumu, kachumbari na limau viongezwe, maana ni rahisi na wateja wanavipenda. Mwombe mama yako radhi, wateja wale wawili wakiwapo. Hiyo ndiyo fildi yako ya kwanza.

Nawe mdogo wangu, presha uliyo nayo isikufanye umchukie anayekukumbusha chumvi. Dawa usiziache hata siku ukijisikia mzima, na kliniki usiiruke kwa sababu ya wateja.

Tuje kwenye kazi, maana hapa sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kazi zipo, hazimsubiri mtu. Serikalini kuna maafisa lishe wa halmashauri na wa mikoa. Afisa lishe wa wilaya ndiye anayesimamia utoaji wa matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto kila Juni na Desemba, anayeendesha siku za afya na lishe za vijiji, anayefuatilia kama halmashauri imetoa ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Kuanzia mwaka 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mkataba wa lishe, na mwaka 2022 ulisainiwa upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Maana yake ni kwamba lishe sasa inaulizwa kwenye vikao vya wakubwa, tofauti na enzi zetu tulipokuwa tukikaa kiti cha mwisho. Hata hivyo nafasi zikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira, waombaji ni wengi kuliko viti, na kijana anaweza kukaa mwaka, miwili, hata zaidi akisubiri. Na akipata anaweza kupangiwa mbali kabisa. Muulize kama yuko tayari kuishi Nkasi au Kakonko. Akisita, ni vizuri mjue leo.

Hapa mjini kuna Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ipo barabara ya Barack Obama karibu na bahari. Huko ni utafiti, miongozo na sera, na mara nyingi wanataka mtu mwenye shahada ya pili. Kuna hospitali. Hilo la hospitali nalipenda kuliko yote na naona ndiko mahitaji yanakoongezeka, kwa sababu kisukari, presha, saratani na figo zimejaa. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu anaambiwa na jirani ale ndizi na mchicha aongeze damu, kumbe potasiamu iliyomo inaweza kumdhuru. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kujua nyumbani wanapika nini, na kumwonesha ni mboga ipi ichemshwe na maji yamwagwe kwanza. Mgonjwa asiyeweza kumeza anahitaji mtu wa kupanga chakula cha kwenye mrija. Kijana anayependa njia hii aisomee lishe tiba kwa bidii, na fildi yake aiombe hospitali ya rufaa.

Mashirika yanalipa vizuri, ila kwa mikataba ya mradi. Mradi ukiisha, umeisha. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, miradi mingi ya afya ilisimama katika nchi nyingi, na watu waliokuwa na magari na posho wakajikuta nyumbani. Kijana aende huko kujifunza na kuweka akiba, asijenge maisha yake yote juu ya mkataba wa miaka miwili.

Viwandani pia wapo. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka unga wa ngano uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Kila kiwanda kinahitaji watu wa kupima na kuhakikisha, ingawa kwa ukweli nafasi hizo mara nyingi wanazichukua wale wa teknolojia ya chakula.

Na kujiajiri. Hapa niseme kwa ukali kidogo. Vijana wengi wakimaliza hukimbilia unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, mtama, ulezi, vyote vinasagwa pamoja, pakiti nzuri, picha ya mtoto mnene. Karanga zilizosagwa zikikaa huchacha. Mbaya zaidi, mahindi na karanga visivyokaushwa vizuri hubeba sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, na haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Anayetaka biashara hiyo akapime malighafi yake na apite Shirika la Viwango kabla hajauza hata kilo moja. Na wale wanaouza chai za kupunguza tumbo kwenye simu wakijiita wataalamu wa lishe, mwanao asije akawa mmoja wao. Wanachafua jina la kazi iliyonilisha mimi na wanangu.

Ualimu wa sayansi ni kazi njema, na walimu wa sayansi wana unafuu kuliko wa masomo mengine. Lakini nao wapo wengi mitaani wakisubiri, kwa hiyo kaka yako asidhani kule ni ajira ya moja kwa moja na huku ni jalala. Kwa ninavyokusoma, mtoto aliyetazama chumvi miaka miwili bila kulipwa na mtu ameshaamua. Mpeleke ualimu kwa nguvu utapata mwalimu anayefundisha huku moyo wake uko wodini. Maoni yangu ni aende Morogoro.

Kwa kaka yako usiende na machozi, nenda na mwanao. Mwenyewe aseme mbele ya mjomba wake atasoma nini, fildi ataomba wapi, na atafanya nini ule mwaka wa kusubiri ajira. Kama hawezi kuyasema hayo kwa dakika kumi, mjomba ana haki ya kusita. Akiyasema, nawe umekaa pembeni na adabu zako, sioni mjomba wa kukataa. Muombeni pia kitu kidogo kuliko ada nzima: nauli, godoro, kompyuta iliyotumika. Mtu akishaanza kutoa kidogo huwa ndani ya safari.

Mambo ya haraka ni haya. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, na muda ukipita nafasi inaweza kupotea, kwa hiyo mazungumzo na mjomba yafanyike wiki hii. Ombi la mkopo Bodi ya Mikopo natumaini limeshakwenda, na cheti cha kifo cha baba yake kimehakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, maana kwenye kupanga mkopo uyatima wake unahesabiwa na usipokuwa na karatasi ni kama haupo. Akikosa au akipata pungufu, kuna dirisha la rufaa. Asikate tamaa kimyakimya. Na ajue tangu leo kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Wateja wakikuuliza tena habari ya baba lishe mwenye digrii, wajibu ndiyo, anakwenda, na siku mtoto wa mmoja wao akilazwa hakui wala hali, watamwita jina lake kamili.

Morogoro si mbali siku hizi. Treni ya umeme kutoka hapa ni chini ya saa mbili, anaweza kuja kukuona mwisho wa mwezi na wewe siku moja ukafunga kibanda ukaenda kuona Uluguru. Ila bumu, ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, huchelewa, na wanafunzi wengi hupikia chumbani. Kabla hajaondoka mpe sufuria moja ya zamani yenye kitako kizito, na umkalishe jikoni jioni moja umfundishe kupepeta na kuloweka maharage kama unavyoyaloweka wewe.

Shangazi